Nyuki Wako Njiani

Colette Katungu hakuwahi kuwaona Nyuki wa Kirotshe wakicheza hata mara moja, lakini pale Kashebere hakuna aliyewajua kumshinda. Alijua kwamba Twizeyimana, nahodha wao, hupenda kupita kulia na akibanwa hugeuka kushoto. Alijua kwamba Falone, yule mrefu wa chini ya kikapu, akikosa mtupo wa kwanza wa adhabu atakosa na wa pili, kwa sababu ya hasira. Yote hayo aliyapata kwenye telefone, akiwa amesimama nyuma ya duka lake juu ya kreti ya bia iliyopinduliwa, maana hapo tu ndipo rezo, mtandao wa simu, ilikubali kushuka vizuri.

Nyuki walikuwa timu ya mpira wa kikapu, wasichana wa pwani ya ziwa na wa milima ya Karuba, na uwanja wao ulikuwa sakafu ya simenti iliyopasuka huko Kirotshe. Siku ya mechi, kijana mmoja aitwaye Hubert alikaa pembeni ya uwanja na kuandika kila kitu kwenye grupe ya WhatsApp ya mashabiki: nani katupa, nani kaanguka, mwamuzi kaona nini na kafumbia macho nini. Video hazikufika Kashebere. Zilizunguka-zunguka kwenye kioo mpaka zikakata tamaa. Maandishi na odio, ujumbe wa sauti, ndivyo vilivyofika, na Colette, ambaye mashabiki walimchagua kuwa admin wa grupe kwa sababu hakuwa na mchezo na watu wa matusi, aliyasoma kwa sauti kubwa juu ya kreti yake. Chini yake walijaa wenye pikipiki, ambazo pale huitwa moto, wauza ndizi na wakulima walioshuka kutoka mashamba ya msituni, panga bado mkononi.

"Twize anapiga tatu! Imeingia!" Colette alipaza sauti, na watu wakaruka kana kwamba kikapu chenyewe kiko juu ya paa la duka.

Papa Apollinaire, mwindaji wa zamani, ambaye Jumapili hukaa benchi la mbele kanisani, alifunga ukanda wa gome la mti kwenye kifundo cha mkono kama hirizi kila robo ya nne ilipoanza, na hakuruhusu mtu yeyote kupita mbele yake. Archange, motari wa kubeba abiria, alikuwa amepaka moto yake rangi ya manjano na nyeusi, akaifungia bendera ya Nyuki, na alikuwa na wimbo kwa kila mchezaji.

Mtu pekee ambaye hakutoka kuja kusikiliza alikuwa Sébastien, mume wa Colette. Wote wawili walikuwa watu wa Butembo, waliokuja na biashara. Zamani Sébastien aliendesha lori la Fuso katika barabara hiyo ya Masisi hadi Walikale, mpaka siku wenye bunduki walipomkamata na wapakizi wake na kuwapeleka porini. Alirudi. Lakini tangu arudi alikaa ndani ya duka kati ya magunia, mgongo ukutani, na hakutaka mtu asimame nyuma yake.

Ikawa habari kwamba kuna mashindano Walikale-centre, na Nyuki watakwenda kwa barabara. Watapita Kashebere! Watapita mbele ya duka! Colette alisoma ujumbe huo mara nyingi mpaka maneno yakapoteza maana. Siku zile grupe haikulala. Watu wa Goma, wa Kampala, hata mmoja aliyeko Ubelgiji, wote waliuliza Nyuki wataondoka lini, watalala wapi, watakula nini. Na kila aliyejua kitu alijivunia kukisema.

Asubuhi ya safari Hubert aliandika kwa herufi kubwa: NYUKI WAKO NJIANI. Na kuanzia hapo ilikuwa kama kila kijiji kimewapokea mkononi na kukipa kijiji kinachofuata. Mtu wa Sake aliandika wamepita wakiimba. Mtu wa Mushaki akasema wamesimama kununua viazi. Karuba waliwapa fromaji nzima, jibini ya kwao, na Falone akapigwa picha ameibeba kichwani. Picha hiyo, kwa muujiza, ilifunguka hata Kashebere, na Colette akaizungusha kwa wote walioko benchini.

Grupe nzima ilicheka na ile fromaji. Isipokuwa mtu mmoja.

Jina lake kwenye grupe lilikuwa Supota Kamili, na hakuwa na picha. Alikuwa ameingia majuma machache yaliyopita, kwa kiungo kilichotembezwa ovyo. Chini ya picha ya Falone aliulizia askari: "Bisi iko na basoda ndani?"

Mtu wa Karuba akamjibu haraka: "Hakuna, ndugu. Ni basichana tu na Mama Augustine, kochi, na chauffeur Luc. Bisi nyeupe, mustari ya manjano."

Colette alikunja uso. Swali lilimkaa vibaya, hakujua kwa nini. Akaanza kurudi nyuma kwenye mazungumzo, akitafuta jina hilo tu. Siku Falone alipofunga kikapu pamoja na kipenga cha mwisho, siku ambayo grupe nzima iliwaka, Supota Kamili aliandika: "Banasafiriaka na gari ya nani?" Siku Twizeyimana alipoteguka kifundo na watu wakamwombea, aliulizia mahali: "Famiya yake iko fasi gani?" Hakuna mahali aliposhangilia. Hakuna mahali alipomtaja mchezaji kwa uchezaji wake. Na kila swali lake lilikuwa limejibiwa na watu wema, kwa furaha.

Mchana ulipofika, picha ilitoka Nyabiondo: wasichana wamesimama kando ya bisi wanatafuna miwa. Baada ya hapo barabara inaingia msituni, na telefone hufa mpaka mtu afike kilima cha Kashebere. Kati ya hapo na pale kuna daraja la Mulema, mbao tupu zilizolazwa juu ya magogo, ambapo abiria hushuka na kuvuka kwa miguu huku gari likifuata polepole.

Colette aliingia dukani kumpimia mteja sukari. Safari hii rezo ikapenya mpaka ndani, telefone ikalia mfukoni. Ilikuwa odio, ya kwanza kabisa kutoka kwa Supota Kamili, na kidole chake kikaigusa. Sauti ikatoka, ya mwanaume, tulivu, karibu ya kubembeleza:

"Bandugu, mutujulishe bisi ikikaribia daraja ya Mulema. Tuko natayarisha mapokezi. Tuko nangoja bageni betu."

Huko kwenye magunia, Sébastien alikuwa anachambua maharagwe. Ungo ukamwangukia miguuni, maharagwe yakatawanyika sakafuni.

"Rudisha ile," alisema.

Colette aliirudisha kutoka mwanzo. Mteja alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akachukua sukari yake akaondoka.

"Ni nani?" Sébastien aliuliza.

"Sijue. Supota wa grupe."

"Huyu hapana supota." Alikanyaga maharagwe akaja karibu. "Colette, huyu njo alikuwa natuitaka bageni kule mu pori. Kila asubui. Bageni bangu, mulilala muzuri? Na kisha njo banaanza kutupiga."

Colette aliacha mizani. Alitoka mbio mpaka kwenye kreti. Alimpigia Mama Augustine: haipatikani. Alimpigia Luc, dereva: haipatikani. Alipiga nambari ya kituo cha askari aliyopewa zamani na chifu. Ikalia mpaka ikachoka. Alipogeuka, Sébastien alikuwa amesimama nyuma yake, nje, kwenye jua, mahali asipofika kamwe.

"Habakaake bote ku barabara," alisema. "Mumoja anapanda juu, fasi kuko rezo, anashika telefone. Bengine banalala chini, banangoja aseme."

"Sasa hivi iko nasoma grupe?"

"Iko nasoma."

Colette aliitazama telefone mkononi mwake. "Basi tumusomeshe."

Aliandika haraka, na kwa sababu aliogopa vidole vyake vitakataa, hakusoma tena kabla ya kutuma:

"Habari mbaya, bandugu. Nyuki waliogopa daraja ya Mulema. Luc alipitia njia ya zamani ya planteshoni ya kinini. Bisi imekwama mu matope karibu na nyumba ya zamani ya bazungu. Watalala pale. Muwaombee."

Grupe ililia. Vilio, mikono ya kuomba, lawama kwa serikali na barabara zake. Kisha Hubert, kutoka Kirotshe, akauliza swali ambalo mtu mwenye akili angeuliza: "Mama Colette, umejuaje? Kule si hakuna rezo?"

Alimlaani Hubert moyoni. Akaandika: "Motari mumoja ametoka kule sasa hivi. Amewaona na macho."

Wakangoja. Juu ya kioo yakatokea yale maneno madogo: Supota Kamili anaandika. Yakapotea. Yakatokea tena. Sébastien alikuwa amemshika mkewe mkono juu ya kiwiko, na alikuwa anambana bila kujua.

"Pole yao," Supota Kamili aliandika. "Basichana bapumzike."

Hakuandika tena. Colette alipima njia kichwani. Planteshoni, lile shamba la kwinini lililoachwa na wazungu, ilikuwa mbali na daraja, upande wa pili wa bonde. Kama wamesadiki, watakuwa wameshainuka. Kama wameshainuka, Luc atapita.

Ndipo telefone ikalia tena. Odio nyingine ndani ya grupe, na nyuma yake upepo na mngurumo wa moto.

"Mama Colette, ni mi Archange! Nilikuwa nimetangulia kubapokea, niko hapa pa mulima. Niko na kamba na vyombo byote. Niko naenda kubavuta. Nyuki haiwezi kulala mu matope na mi niko muzima!"

Akapiga wimbo wa Twizeyimana kidogo, akacheka, odio ikakatika.

Colette alimpigia hapo hapo. Ikalia mara moja, ikakatika. Akapiga tena: haipatikani. Akamwandikia peke yake, nje ya grupe: "Archange RUDI. Usiende. Bisi haiko kule. Kule kuko batu babaya." Ujumbe ukaondoka na alama moja tu. Haukufika. Archange alikuwa ameshashuka upande wa pili wa mlima.

Ilibaki grupe. Angeweza kuandika humo maneno yale yale, na mtu yeyote aliye karibu na njia ya planteshoni angemsimamisha Archange. Lakini wa kwanza kuyasoma angekuwa yule aliyeko juu na telefone, na bisi ilikuwa bado haijafika. Kidole kilisimama juu ya kioo. Alimtazama Sébastien, na Sébastien akatazama chini.

Papa Apollinaire alikuwa benchini muda wote huo. Alikuwa amesikia ya kutosha. Alisimama, akakaza mkanda wa suruali.

"Kuko kanjia ya bawindaji," alisema. "Inakata chini ya planteshoni. Kama Mungu anapenda, nitamukuta mbele hajafika."

"Papa, wako na bunduki."

"Najua benye kuwa na bunduki. Mama, usiandike kitu." Akaingia migombani, na majani yakafunga nyuma yake.

Jua lilikuwa limeanza kulegea honi iliposikika. Watu walitoka kila nyumba. Bisi nyeupe yenye mstari wa manjano ilipanda kilima ikiyumba, na ndani wasichana wanaimba. Wamekwama wapi hawa? watu waliulizana wakicheka. Mlango ukafunguka, Twizeyimana akashuka. Alikuwa mfupi kuliko Colette alivyomdhania. Alikuwa na kovu dogo juu ya jicho ambalo hakuna picha iliyowahi kulionyesha.

"Uyu njo Mama Admin?" alisema, akamkumbatia. Alinuka jasho na miwa.

Colette alikuwa ameiota siku hiyo. Alikuwa amepanga hata kitenge atakachovaa. Sasa alimsukuma msichana huyo kwa mabega kurudi mlangoni.

"Panda. Wote mupande. Musishuke."

"Mama, tupige hata picha..."

"Panda, mutoto wangu!"

Mama Augustine, kochi, aliinama dirishani. Colette akamuuliza kwa sauti ya chini waliona nini darajani.

"Hakuna muntu," Mama Augustine alisema. "Ila kulikuwa moto wa kuni kando ya daraja, ungali natoka moshi. Na maganda ya ndizi, mingi, mapya. Tulisema ni bachoma makaa."  Alimtazama Colette usoni, akaelewa.  Alimgonga Luc begani, na bisi ikaondoka kwa kasi kuelekea Walikale, wasichana wakipunga mikono nyuma ya kioo.

Watu walimkasirikia Colette. Kwa nini alidanganya kuhusu matope? Kwa nini amewafukuza wageni kama mbwa?  Yeye alikuwa anatazama migomba, alikopita Papa Apollinaire.

Papa Apollinaire alirudi jua likizama, suruali imelowa mpaka mapajani. Alikuwa peke yake. Aliketi kwenye ngazi ya duka kabla ya kusema.

"Moto ya Archange iko kule. Imelala upande, ufunguo ndani, injini ingali na joto. Ile bendera ya Nyuki wamekanyaga." Alipangusa uso. "Nyayo za mabuti, mingi. Zinapanda juu."

Kabla usiku haujaingia, ndani ya grupe yakatokea maneno yale madogo ya kijivu: Supota Kamili ameondoka. Basi.

Colette mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa Mama Consolée, mama yake Archange. Alimweleza yote bila kuficha: sauti, uongo, ujumbe usiofika. Mama Consolée alikuwa anamenya muhogo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kumenya.

"Kwa hiyo ulichagua," alisema.

"Sikujua kama atasikia, Mama. Sikujua kama ataenda."

"Na ulipojua?"

 Mama Consolée alitupa maganda nje, akafunga mlango taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Mashindano yaliendelea. Hubert, ambaye Colette alikuwa amemweleza yote, aliandika yaliyomfikia kutoka Walikale, na sasa aliandika ya uwanjani tu, hakutaja nyumba wala njia wala saa. Hakuna aliyeyasoma kwa sauti Kashebere. Kreti ilibaki tupu nyuma ya duka. Nyuki walifika fainali. Kisha walirudishwa Goma kwa ndege ndogo ya mizigo, na hata hilo grupe ililijua walipokwisha kutua. Mtu aliyeko Ubelgiji alilalamika kwamba siku hizi grupe haina utamu.

Mvua zilikuja, zikapungua. Siku ya soko, katikati ya watu na mbuzi, mtu alitokea akitembea katikati ya barabara kama asiyejua kuna magari. Alikuwa amevaa mabuti makubwa yasiyo yake, moja halina kamba. Watu walimpisha kabla hawajamtambua. Alikuja moja kwa moja mpaka dukani akasimama mbele ya meza.

"Mama Colette," Archange alisema. "Fainali. Nani alishinda?"

Colette alishika meza kwa mikono miwili.

"Batri ilikufa," Archange alisema. "Robo ya tatu. Tulikuwa nyuma. Nimeifikiria kila siku. Nani alishinda?"

Akamweleza. Alimweleza kama alivyokuwa akisoma juu ya kreti: Falone alipotolewa kwa makosa matano, Twizeyimana alivyopita kulia, akabanwa, akageuka kushoto, mpira ukacheza juu ya chuma na kuingia. Nyuki kwa kikapu kimoja. Archange alifunga macho. Machozi yalitelemka juu ya mifupa ya mashavu, na alikuwa anatabasamu, na meno mawili ya mbele hayakuwapo.

Sébastien alitoka kwenye magunia, akamshika mkono, akamketisha mahali pake, mgongo ukutani.  Alimpa chai, akakaa naye.

Alipokwisha kunywa, Archange aliwaambia. Wenye bunduki walimpandisha mpaka kilele chenye rezo. Walimfanya awasomee grupe kila siku, wapate kujua bisi itarudi kwa njia gani. Siku ya fainali wengine walianza kushangilia, vijana wadogo tu, na mkubwa wao akacheka nao.

"Basi walikuachilia?" Colette aliuliza.

"Walihama. Nilikuwa nahara, sikuweza kutembea. Wakaniacha." Alizungusha kikombe mikononi. "Mama, kuko neno lingine. Siku ile ya kwanza, tulipofika juu, telefone yangu ilikuwa mu mukono yao. Rezo ikaingia. Message yako nayo ikaingia."

Colette alielewa kabla hajamaliza.

"Rudi, usiende. Waliisoma mbele yangu. Na jina lako nilikuwa nimeliandika mu telefone: Mama Colette Duka Kashebere." Archange alishindwa kumtazama. "Nilisema duka lilifungwa. Nilisema ulihama. Mukubwa akasema, uyu mama iko na akili, nitafika kumusalimia."

Nje, muuza mbuzi alikuwa anabishana na mteja. Sébastien alisimama akafunga dirisha, ingawa kulikuwa mchana mweupe.

Colette alifuta grupe siku hiyo hiyo. Hakuaga. Mashabiki wote, picha ya fromaji na sauti zote za Archange, vilikwenda pamoja. Alimpa Papa Apollinaire funguo za duka na kumwambia agawe chumvi kabla haijalowa. Alikwenda pia kwa Mama Consolée, akakuta Archange amelala na mama yake amekaa mlangoni. Mama Consolée hakumkaribisha, lakini alisogeza miguu kidogo, apate kumwona kijana amelala.  Kisha Colette akaenda zake.

Waliondoka siku ya soko iliyofuata, wakajichanganya na wafanyabiashara juu ya lori linalokwenda Pinga, kutoka huko watafute njia ya kuelekea Butembo. Hawakumwambia mtu siku wala njia. Colette alikaa juu ya madumu ya mawese na magunia ya ndizi, kitenge kimefunika kichwa, telefone imezimwa ndani ya soksi.

Kijiji kilipopotea nyuma ya miti, moto moja ilitokea kwenye kona ikiwa na watu wawili. Ililifuata lori kwa umbali ule ule, bila haraka, kwenye vilima na kwenye matope, hata mahali ambapo ingeweza kulipita. Sébastien aliiona. Alisogea akakaa mbele ya mkewe.

Kwenye mteremko moto iliongeza mwendo, ikawafikia. Yule aliyekaa nyuma alikuwa kijana, koti lake limefungwa mpaka shingoni. Aliinua uso akawatazama abiria mmoja mmoja, taratibu. Kisha akainua telefone juu, akaielekeza kwao kama apigaye picha, akaishikilia hivyo mpaka lori likakata kona na msitu ukawafunika.